Aliyepona Saratani Abishe Mlango Upi?

(Mazungumzo ya wiki hii kama yalivyosomwa redioni)



Mwaka 1967 sisi Watanzania tunaukumbuka kwa jambo moja kubwa, nalo ni Azimio la Arusha. Muulize mzee yeyote, awe wa Sumbawanga au wa Dar es Salaam, atakujibu bila kusita. Lakini mwaka huohuo ilifunguliwa milango mingine miwili ambayo wengi wetu hatuikumbuki. Mlango wa kwanza ulifunguliwa hapa jirani, Mulago, mjini Kampala. Ulikuwa wa kituo cha kutibu uvimbe wa saratani, ambacho leo ni Taasisi ya Saratani ya Uganda. Mlango wa pili ulifunguliwa London, Uingereza. Ulikuwa wa nyumba ya St Christopher's, iliyoanzishwa na daktari Cicely Saunders kwa ajili ya wagonjwa ambao hospitali zilikuwa zimekwisha kuwakatia tamaa.

Mlango wa kwanza ulikuwa wa kuuponya mwili. Mlango wa pili ulikuwa wa kumtuliza mtu anayeelekea kufa, mwili wake na moyo wake. Leo, ndugu msikilizaji, nataka tumzungumzie mtu ambaye milango yote hiyo miwili haimtoshi. Ni mtu aliyetibiwa saratani. Hafi, wala halazwi tena. Amerudi nyumbani. Lakini moyoni mwake hajarudi.

Tumchukue mama mmoja wa Kizwite, pale Sumbawanga. Simsemi mtu maalumu. Ni mama wa mfano, lakini wako wengi wa namna yake, na huenda nawe unamfahamu mmoja. Alianza kuona damu isiyo ya wakati wake. Akanyamaza miezi kadhaa, kwa sababu jambo lenyewe ni la aibu kulitamka. Mwishowe akaenda hospitali, akapimwa, akapewa barua ya rufaa. Mumewe akauza ng'ombe na magunia ya mahindi. Mama akapanda basi alfajiri, na baridi ile ya Ufipa mnaijua. Akapita Laela, Tunduma, Mbeya, Iringa na Morogoro, safari ya zaidi ya kilomita 1,100, hadi akafika Ocean Road, Dar es Salaam. Huko akakaa majuma mengi, akipigwa mionzi siku tano katika kila juma. Kisha akaambiwa matibabu yamekwisha, arudi nyumbani, na atakuwa anakuja kuangaliwa kila baada ya muda.

Akarudi Kizwite. Majirani wakaja na sukari na sabuni. Wakamwambia, "Tumshukuru Mungu mama, sasa umepona." Naye akaitika, "Ndiyo, nimepona."

Mazungumzo yakaishia hapo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini taa ya chumbani kwake inawaka saa nane za usiku. Hakuna aliyejua kwamba kila kiuno kikimuuma anaamini ugonjwa umerudi, na kwamba juma moja kabla ya tarehe ya kliniki chakula hakipiti. Mambo ya unyumba yamekuwa magumu kwa sababu ya mionzi, naye hana wa kumwambia, hata mumewe. Mume naye amekuwa mkimya. Binti yake amekosa ada, na mama anajiona kwamba yeye ndiye aliyemla yule ng'ombe. Kwenye kwaya haendi tena. Wakimuuliza sababu, anasema sauti imekauka.

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Walisema pia kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mama huyu hakuficha maradhi. Aliyatoa, akayatibu. Anachoficha sasa ni uchungu, na anauficha kwa sababu hajui pa kuupeleka. Je, tumefikaje hapa? Ili tuelewe, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Tuanze na jina lenyewe. Wayunani wa kale waliuita ugonjwa huu kwa jina la kaa, yule mdudu wa pwani mwenye miguu mingi, kwa sababu baadhi ya uvimbe huo ulionekana kuwa na mishipa iliyotapakaa pande zote kama miguu yake. Kutoka huko wazungu wakapata neno ambalo sisi tumelifanya kansa. Waarabu nao waliuita saratani, neno ambalo kwao lina maana ya kaa pia. Kwa hiyo ukisema kansa au ukisema saratani, unamtaja mdudu yuleyule anayeshika asiachie. Si ajabu kwamba watu waliogopa hata kulitamka. Huku kwetu tulisema "ugonjwa ule", au tukasema "uvimbe", tukanyamaza.

Wala si sisi tu tulionyamaza. Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru wetu, daktari mmoja wa Marekani aitwaye Donald Oken alichapisha majibu ya madaktari 219 aliowauliza kama huwaambia wagonjwa wao kwamba wana saratani. Takriban 90 katika kila 100 walisema hawapendi kuwaambia. Walidhani wanawahurumia. Mgonjwa alikatwa, akachomwa mionzi, akanyweshwa dawa kali, huku kila mtu chumbani akijua jina la ugonjwa isipokuwa yeye mwenyewe. Uchunguzi wa namna hiyohiyo uliporudiwa na kuchapishwa mwaka 1979, mambo yalikuwa yamegeuka kabisa: 97 katika kila 100 walisema sasa wanapendelea kumwambia. Katika miaka 18 ukimya wa karne nyingi ulikuwa umevunjika katika nchi ile.

Nini kilitokea katikati? Kwanza, tiba ilianza kufaulu. Mtu anayepona huwezi kumficha alichopona. Pili, wagonjwa wenyewe walianza kusema. Mwaka 1952 mama mmoja wa New York, Terese Lasser, alikatwa titi kwa ajili ya saratani. Alipopona aliona kwamba hakuna mtu aliyemweleza atavaaje, atainuaje mkono, wala atajitazamaje kwenye kioo. Akaanza kwenda mwenyewe hospitalini kuwatembelea wanawake waliokatwa kama yeye. Baadhi ya madaktari hawakupendezwa naye. Lakini wanawake walimsubiri kwa hamu, kwa sababu alikuwa mtu wa kwanza kuingia chumbani mwao akiwa amepita njia ileile na yu hai.

Tatu, alikuja daktari wa magonjwa ya akili, Jimmie Holland. Mumewe alikuwa bingwa wa kutibu saratani. Mama huyu akaona jambo la ajabu: madaktari walipima damu, wakapima uvimbe, wakapima homa, wakaandika kila kitu, lakini hakuna aliyemuuliza mgonjwa anajisikiaje moyoni. Mwaka 1977 akaanzisha idara ya kazi hiyo katika hospitali kubwa ya saratani ya Memorial Sloan Kettering, New York. Ndipo elimu ya nafsi ya mgonjwa wa saratani ikaanza kuheshimiwa kama tawi la udaktari. Leo tunajua kwamba uchungu huo si udhaifu wa mtu mmoja mmoja. Mwaka 2011 wataalamu walikusanya pamoja tafiti 94 kutoka nchi mbalimbali. Wakaona kwamba miongoni mwa wagonjwa wa saratani wanaotibiwa hospitalini, watatu hadi wanne katika kila kumi walikuwa na sonona, au wasiwasi uliopita kiasi, au walishindwa kuizoea hali yao mpya.

Sasa turudi nyumbani Afrika Mashariki, maana mtu anaweza kusema hayo ni mambo ya wenye fedha.

Ndugu msikilizaji, moja ya sura muhimu za historia ya tiba ya saratani duniani iliandikwa hapa kwetu. Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago, daktari mpasuaji Denis Burkitt alionyeshwa mtoto aliyevimba taya pande zote mbili. Akaona na mwingine, na mwingine. Mwaka 1958 akaandika habari za uvimbe huo, ambao mpaka leo unaitwa kwa jina lake. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri kiasi cha kilomita 16,000 katika Afrika ya Mashariki na ya Kusini, Tanganyika ikiwamo, wakiuliza hospitali kwa hospitali: je, mmewaona watoto wa namna hii? Kisha ikaonekana kwamba uvimbe huo unayeyuka kwa dawa, na kwamba baadhi ya watoto wanapona moja kwa moja. Hiyo ndiyo sababu kituo cha mwaka 1967 kilijengwa Kampala. Kwa hiyo wakati dunia bado inasema saratani ni kifo, watoto wa Uganda walikuwa tayari wanarudi nyumbani wakiwa hai. Miaka ya 70 wageni walipoondoka kwa sababu ya utawala wa Idi Amin, Waganda wenyewe, wakiongozwa na Dk. Charles Olweny, waliendelea na kazi katika shida kubwa.

Kwa hiyo mlango wa kuuponya mwili tulikuwa nao mapema. Mlango wa pili ulichelewa. Nairobi walipata nyumba yao ya kuwatuliza wagonjwa mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianza kazi hiyo Kampala, akitumia mofini ya maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa huinywa kwake nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikafika mahali pa kuruhusu kisheria wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika dawa ile, ili mtu wa kijijini asife kwa maumivu eti kwa sababu daktari yuko mbali. Kwetu Tanzania, Hospitali ya Kilutheri ya Selian, Arusha, ilianza kuwafuata wagonjwa wa namna hii majumbani mwao mwishoni mwa miaka ya 90. Hizi ni kazi za kusifiwa. Lakini tazameni vizuri: nyingi zilianzishwa kwa ajili ya mgonjwa ambaye mwisho wake unakaribia. Mama yetu wa Kizwite hakaribii mwisho. Akibisha mlango huo, huenda akaogopa zaidi, akadhani wamemficha kitu.

Abishe Ocean Road basi? Jengo lile pembeni ya bahari lina historia yake. Lilijengwa na Wajerumani mwaka 1897 kuwatibu Wazungu, na daktari mashuhuri Robert Koch alipata kufanya kazi Dar es Salaam katika siku zile za mwanzo. Leo ni la wananchi, na mwaka 1996 liliundwa kuwa Taasisi ya Saratani Ocean Road inayojitegemea. Kwa miaka mingi ilikuwa hospitali pekee nchini yenye mashine za mionzi, hata Bugando ya Mwanza nayo ilipoanza kazi hiyo. Lakini fikirini mzigo wake. Inakadiriwa kwamba mwaka 2020 peke yake Watanzania zaidi ya 40,000 walipata saratani, na ya mlango wa kizazi ndiyo iliyoongoza, ikiwa na wagonjwa kama 10,000. Watu wa kila mkoa wanaitazama pwani ileile. Daktari mwenye foleni ndefu mlangoni anamuuliza mama wa Kizwite, "Damu imekoma? Haja unapata?" Mama anajibu, "Ndiyo, daktari." Anaandikiwa tarehe nyingine, na kilomita 1,100 za kurudi zinamngoja. Kusema kuhusu usingizi na unyumba na ada ya mtoto, atasema saa ngapi, na kwa nani?

Au abishe Mirembe? Hapo ndipo penye kizuizi kikubwa zaidi, nacho pia kina historia. Matunzo ya wagonjwa wa akili katika nchi hii yalianza kama kazi ya kuwatenga watu. Mwaka 1904, enzi za Wajerumani, wamisionari waliigeuza nyumba yao ya Lutindi, kule milima ya Usambara, kuwa mahali pa kuwaweka wagonjwa wa akili. Mwaka 1927, enzi za Waingereza, ikaja Mirembe, Dodoma. Nia ya serikali ya kikoloni ilikuwa zaidi kuwaondoa njiani watu wenye fujo kuliko kuwaponya. Tukarithi majengo, tukarithi na woga. Mpaka leo mtoto akifanya kituko tunamwambia "wewe wa Mirembe". Hospitali ile imefanya na inafanya kazi kubwa ya kuponya watu, na haistahili kugeuzwa mzaha. Lakini madhara ya mzaha ni haya: ukimwambia mama aliyetibiwa saratani kwamba anahitaji msaada wa afya ya akili, anasikia umemwita mwendawazimu. Anakataa. Na ndugu zake wanakataa zaidi yake.

Basi mama huyu si mgonjwa wa kutosha kuingia Ocean Road, hakaribii kufa hata atunzwe kama wale wa mwisho, na hana wazimu hata apelekwe Mirembe. Amesimama nje ya milango mitatu.

Wako watakaosema: zamani watu waliishije? Hawakuwa na hao wataalamu, na walivumilia. Ni swali la haki, na Ufipa yenyewe ina majibu mawili, moja zuri na moja la kutisha.

Jibu zuri ni Dk. Adrian Atiman. Huyu alizaliwa Afrika ya Magharibi, kwenye nchi za Mto Niger. Akatekwa akiwa mtoto, akauzwa utumwani, akakombolewa na mapadre wa White Fathers huko Algeria, akasomeshwa utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, chini ya nyanda zile za Ufipa. Akaoa hapohapo, akazaa hapohapo, akatibu watu hapohapo mpaka alipofariki mwaka 1956. Hiyo ni miaka 67! Hakuwa na mionzi wala mashine. Dawa zake zilikuwa chache. Lakini mgonjwa wa Atiman hakuhitaji kueleza yeye ni nani. Mganga wake alimjua mama yake, akajua deni lake, akajua ugomvi wa nyumbani kwake. Alipotoka kitandani, aliendelea kukutana na tabibu wake njiani. Sisi tumepata mashine ambazo Atiman hakuziota, na tunazishukuru. Lakini katika kubadilishana huko, tumempoteza yule tabibu wa njiani.

Jibu la kutisha ni Kamchape. Miaka ya 1963 na 1964, mara tu baada ya Uhuru, vijana walizunguka vijiji vya Ufipa wakidai wana dawa ya kuwatambua wachawi na kuwasafisha. Mambo kama hayo yalikwisha kupita nchi hizi katika miaka ya 30, yakitokea Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mtaalamu wa mila Roy Willis, aliyekuwa akiishi na Wafipa wakati ule, aliandika habari zake. Waliokuja kunyooshewa vidole hasa walikuwa wazee. Na mji wenyewe wa Sumbawanga, wenyeji husimulia kwamba jina lake lina maana ya "tupa uchawi". Simcheki mtu hapa. Nataka tuone kilichokuwa chini ya mambo hayo. Mtu akiugua asielewe, akaogopa na asipate wa kumsikiliza, ile hofu haifi. Huanza kutafuta mtu. Swali la "nimeugua nini" likikosa jibu, hugeuka kuwa "nani kaniroga". Hofu isiyosikilizwa ina gharama, na mara nyingine anayeilipa ni bibi kizee wa nyumba ya jirani.

Kwa hiyo si kweli kwamba zamani watu walivumilia tu. Waliopata wa kuwasikiliza walivumilia. Wasiopata walitafuta wa kumlaumu.

Ndugu msikilizaji, mnaweza kusema basi tatizo hili halina dawa, maana sisi ni nchi maskini. Nakataa. Nakataa kwa sababu tulikwisha kulitatua mara moja, kwa ugonjwa mwingine.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI waligunduliwa mkoani Kagera. Wakati ule hapakuwa na dawa yoyote. Mtu alitengwa, sahani yake ikawekwa kando, na hata kumwambia ana nini watu waliogopa. Mwaka 1987, huko Uganda, Noerine Kaleeba, aliyefiwa na mumewe kwa ugonjwa huo, alikusanya wenzake wakaanzisha TASO. Mwaka 1989 Theresa Kaijage alianzisha WAMATA, Dar es Salaam. Walikuwa na nini watu hawa? Hawakuwa na tiba. Walikuwa na viti vya kukalia, masikio na uvumilivu. Wakakaa na mgonjwa, wakamsikiliza, wakamfuata nyumbani, wakazungumza na mumewe na mama mkwe wake. Ni katika kazi hiyo neno "ushauri nasaha" lilienea mpaka vijijini. Leo hata zahanati ndogo ya Rukwa inajua kwamba mtu hapewi majibu ya kipimo cha UKIMWI kama anavyopewa risiti dukani. Anakalishwa, anaongozwa, anaulizwa ataenda kumwambia nani.

Sasa nauliza: kwa nini mwenye saratani apewe jibu lake wima, kwenye korido? Kwa nini kwa ugonjwa mmoja tulijifunza kwamba moyo ni sehemu ya tiba, na kwa ugonjwa mwingine tukasahau? Mshauri nasaha yupo. Chumba kipo. Kinachokosekana ni amri ya kusema kwamba mlango huo sasa uwe pia wa watu wa saratani.

Wakubwa wetu wamesaidia kuuvunja ukimya. Mwaka 1999 Baba wa Taifa, Mwalimu Nyerere, alipofariki London tarehe 14 Oktoba, Watanzania wengi ndipo walipolisikia kwanza jina la saratani ya damu. Mwezi Novemba 2014 Rais Jakaya Kikwete alifanyiwa upasuaji wa saratani ya tezi dume huko Marekani akiwa bado madarakani. Hakuficha. Aliporudi aliwaeleza wananchi na kuwahimiza wanaume wapime. Mwezi Julai 2019 Kenya iliwapoteza kwa saratani, ndani ya mwezi mmoja, Bob Collymore wa Safaricom, mbunge Ken Okoth na gavana Joyce Laboso, na nchi nzima ikazungumza. Mwaka 2024, Rais mstaafu Ali Hassan Mwinyi alipofariki, taifa lilielezwa waziwazi kwamba ilikuwa saratani ya mapafu. Jina la ugonjwa sasa tunalitamka. Hatua inayofuata ni kutamka kile kinachobaki baada ya matibabu.

Nini kifanyike, basi, pale Kizwite? Sitapendekeza jumba la ghorofa. Nitapendekeza mambo manne.

La kwanza, swali liwe la kawaida. Jimmie Holland na wenzake walitengeneza kipimo rahisi mno, mfano wa kipimajoto kilichochorwa kwenye karatasi. Mgonjwa anaulizwa: kutoka sifuri hadi kumi, juma hili moyo wako umesumbuka kiasi gani? Anayesema saba hawezi kuachwa aende hivihivi. Kipimo hicho hakihitaji umeme. Muuguzi wa hospitali yoyote ya Sumbawanga anaweza kukitumia dakika ileile anapopima presha.

La pili, ufuatiliaji usiwe wa Dar es Salaam peke yake. Barua ya kumruhusu mgonjwa itaje, pamoja na dawa, mtu wa karibu na nyumbani kwake atakayemwangalia. Wahudumu wa afya wa mitaa wapo. Wafundishwe kutofautisha huzuni ya kawaida na sonona inayohitaji daktari, na wajue kwamba mtu akianza kusema "heri nife" hilo si neno la kupuuzwa.

La tatu, waliopona wapewe kazi. Mama mmoja wa Sumbawanga aliyemaliza mionzi miaka mitano iliyopita ana elimu ambayo profesa hana. Terese Lasser hakuwa daktari. Zimbabwe, tangu mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda aliwafundisha akina bibi kumi na wanne wa mtaa wa Mbare, Harare, kuketi kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye "kuwaza kupita kiasi", kama Washona wenyewe wanavyoiita hali hiyo. Mwaka 2016 matokeo yalichapishwa katika jarida kubwa la kitabibu la Marekani, yakionyesha kwamba waliosikilizwa na wale bibi walipata nafuu kubwa kuliko waliopata huduma za kawaida. Benchi la mbao na bibi mwenye subira! Ni kipi kati ya hivyo Ufipa haina? Jumuiya ndogo ndogo za Kikristo zinakutana kila juma. Misikiti ipo. Vikundi vya kuweka na kukopa vipo.

La nne linawahusu akina baba. Mke akitibiwa, mume naye ameumia. Ameogopa kufiwa, ameuza mali, na hana anayempa pole yake. Wengine hukimbilia pombe, wengine hukimbia nyumba. Tunawalaumu, na ipo sababu ya kuwalaumu. Lakini ni hospitali ngapi ziliwahi kumkalisha mume na kumweleza kwamba mkewe atachukua muda, na kwamba hajamkataa?

Ndugu msikilizaji, namalizia na jambo dogo kuliko yote. Sisi Waswahili tuna salamu ambayo mataifa mengi hayana. Asubuhi tunaulizana, "Umelalaje?" Ni swali la tabibu kabisa! Daktari wa magonjwa ya moyo na akili huanza nalo hilohilo. Ubaya wetu ni kwamba tunaliuliza huku tunatembea. Mwenzetu anajibu "salama", nasi tumekwisha kupita.

Kesho asubuhi ukipita nyumbani kwa mtu aliyetibiwa saratani, iwe Kizwite, iwe Kariakoo, muulize hivyohivyo. Ila safari hii simama. Akisema "salama", usiondoke haraka. Kaa kidogo. Huenda jibu la pili likaja.